Adapta iliyokufa ikaacha sauti ya babu

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi zimenibana. Leo nina historia moja ambayo nimeibeba kichwani kwa miaka kadhaa, na kila nikitaka kuiandika naona haijakaa sawa. Inahusu kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho, na pengine wakati huu unaposoma kiko ukutani kinafanya kazi: chaja ya simu, adapta ya laptopu, au ile bodi ndani ya televisheni na kompyuta ambayo mafundi wetu wanaiita pawa saplai.

Nianze na kisa chenyewe.

Desemba 2019 nilipanda nyumbani Kibosho kwa ajili ya Krismasi. Anayeijua Moshi anajua mambo ya Desemba. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari madogo yanapandisha mlima usiku na mchana, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa. Kila nyumba inawasha taa, friji, pasi na televisheni kwa pamoja. Ikifika saa 1 jioni taa zinafifia hadi unahesabu nyuzi za balbu. Tunasema umeme ni mdogo, tunacheka, tunaendelea na mtori.

Mwaka ule nilikuwa na kazi yangu mwenyewe. Kwa siku 3 nilikaa na babu kibarazani nikamrekodi. Alikuwa amevuka miaka 80, na ujanani mwake alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mfongo wa ukoo. Kwa msiotoka kwetu, mfongo ni mfereji wa maji unaochepushwa kutoka mtoni huko juu karibu na msitu, ukashushwa ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Mifongo ilikuwepo Kilimanjaro kabla ya Wajerumani, kabla ya Waingereza, kabla ya kahawa yenyewe. Wageni wa karne ya 19 waliofika mlimani waliistaajabia na kuiandika.

Babu alizungumza karibu saa 4 kwa jumla. Nani alichimba, nani aligombana na nani, zamu zilipangwaje, mwizi wa maji alitozwa nini. Nikahamishia sauti zote kwenye laptopu, nikafuta kinasa sauti ili kupata nafasi. Nakala ya pili sikuweka mahali popote. Kosa la kitoto kwa mtu anayejiita mwandishi wa habari, najua.

Usiku wa tarehe 27 ukavuma upepo. Tawi la mgrevilea likaangukia nyaya za umeme chini kidogo ya kwetu. Badala ya taa kuzimika, ziliwaka. Ziliwaka nyeupe kama taa za uwanja wa mpira. Sebuleni kikasikika kishindo kidogo, pu! kisha kingine kikubwa zaidi, halafu harufu ya plastiki iliyoungua, halafu giza.

Laptopu yangu ilikuwa imechomekwa kwenye umeme. Simu ya binamu yangu pia, kwenye soketi ya jirani. Alikuwa ameiweka mezani dakika chache tu kabla.

Sikulala. Sikuwaza bei ya laptopu. Niliwaza zile saa 4.

Siku ya pili yake niliteremka mjini, nikaenda kwa fundi mmoja Mbuyuni, karibu na soko. Nilimpelekea laptopu, adapta yangu, na chaja ya binamu. Fundi aliichukua laptopu kwanza, akaipachika adapta nyingine ya aina ileile kutoka kwenye rafu yake. Ikawaka. Nikafungua faili la kwanza, sauti ya babu ikajaa kibandani, akieleza jinsi ya kuziba mfongo kwa majani ya mgomba na udongo.

"Kaa chini, mwandishi," fundi akaniambia, maana nadhani aliona magoti yangu. "Sasa nikuonyeshe kilichokufa ili hii iwe hai."

Alifungua vile visanduku viwili akaviweka ubavu kwa ubavu. Alichonionyesha pale mezani ndicho kilinifanya nianze kusoma historia hii. Ili nikieleze vizuri, inabidi turudi nyuma kidogo.

Umeme wetu ulitokea majini

Umeme wa mkoa wetu ulianza na maji yaleyale ya mlimani. Mito ya Kilimanjaro na ya Meru inakutana bondeni ikawa mto Kikuletwa, na kwenye mto huo kulijengwa kituo kidogo cha umeme miaka ya 1930. Kampuni ya umeme ya Tanganyika, iliyozaa TANESCO ya leo, ilikuwa imeundwa mwaka 1931. Kituo cha Kikuletwa kiliacha kuzalisha miaka ya 1980. Chini zaidi, maji hayo hayo yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo mitambo yake ya megawati 8 ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Yakitoka hapo yanaufuata mto Pangani hadi Hale, kituo cha megawati 21 kilichofunguliwa 1964.

Baadaye nchi iliunganishwa na gridi, na umeme mwingi ukawa unatoka mbali: Kidatu tangu 1975, Mtera tangu 1988, na sasa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Sisi watu wa kaskazini tuko mwisho wa njia ndefu. Machi 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa upotevu wa umeme kwenye safari hiyo ndefu. Na tusisahau miaka ya ukame na mgao. Wa 2006 wengi mnaukumbuka.

Kwa hiyo umeme unaofika kwenye soketi ya kijijini ni umeme uliosafiri. Kwa karatasi ni volti 230, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa kweli unapanda, unashuka, unakatika na kurudi kwa kishindo. Na vifaa vyetu havitaki hivyo. Simu inataka volti 5 zilizotulia. Laptopu yangu inataka 19. Zinataka umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama maji ndani ya bomba.

Nani anasimama katikati? Pawa saplai.

Zamani ilikuwa ni uzito

Waliowahi kubeba redio au amplifaya ya zamani wanajua kwamba upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine. Uzito ule ulikuwa transfoma: kipande cha chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba, kinachoshusha volti 230 kuwa volti chache. Baada yake dayodi zinaunyoosha umeme, kapasita inautuliza, na transista inakaa kama lango lililofunguliwa nusu, ikizuia volti zilizozidi. Volti zile zilizozuiwa haziendi popote. Zinakuwa joto. Katika mitambo mingi ya aina hiyo, nusu ya umeme au zaidi iliishia kupasha hewa moto.

Kwa nini transfoma iwe nzito vile? Kwa sababu ya ile mara 50 kwa sekunde. Kila mzunguko transfoma inachota kiasi cha nguvu na kukipeleka upande wa pili. Fikiria bibi yako anateka maji mfongoni. Kama ameruhusiwa safari 50 tu kwa siku, na pipa la nyumbani lazima lijae, atahitaji ndoo kubwa. Ukimruhusu safari elfu 50, kikombe cha chai kinatosha. Transfoma ndiyo ndoo. Ukitaka iwe ndogo, ongeza safari.

Wazo hilo si jipya hata kidogo. Magari ya miaka ya 1930 yalianza kufungwa redio, na redio za wakati huo zilitumia taa za kioo zilizodai volti mia na zaidi, wakati betri ya gari ilikuwa ya volti 6. Wahandisi wakaweka kibati kidogo kinachotetemeka kwa sumaku, kikigusa na kuachia, kugusa na kuachia, zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kila kikigusa, umeme wa betri unaingia kwenye transfoma. Kila kikiachia, unakatika. Umeme uliokatwakatwa hivyo unaweza kupandishwa. Redio hizo zilisikika zikivuma hata kabla ya stesheni kushika. Kibati kile kilichakaa upesi, lakini ndani yake ndimo lilimo wazo lote: washa, zima, washa, zima.

Kilichokosekana ni swichi isiyochakaa. Transista ilizaliwa Marekani Desemba 1947, lakini za mwanzo hazikuweza kustahimili volti kubwa kwa kasi kubwa. Miaka ya 1960 mitambo ya kukatakata umeme ilitumika zaidi kwenye vyombo vya anga na vya kijeshi, ambako kupunguza kila kilo kulikuwa na thamani kuliko fedha. Miaka ya 1970 transista imara zikawa rahisi kupatikana. Mhandisi Robert Boschert alianza kusanifu pawa saplai za namna hii za bei nafuu nyumbani kwake, kwenye meza ya jikoni. Mwaka 1976 Robert Mammano wa kampuni ya Silicon General alitoa chipu iliyoweka ubongo wote wa kuongoza swichi hiyo mahali pamoja, SG1524. Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ikatoka na pawa saplai ya kukatakata iliyosanifiwa na Rod Holt. Steve Jobs hakutaka feni inayopiga kelele, na kama hutaki feni ni lazima usizalishe joto.

Utasikia watu wakisema Holt peke yake ndiye aliyeleta mapinduzi haya. Jobs mwenyewe alisema kompyuta zote ziliiga kazi ya Holt. Ukifuatilia tarehe unaona si hivyo. Walikuwa wengi, na waliosukuma zaidi ni watengenezaji wa transista, kwa kila mwaka kutoa swichi bora na ya bei ndogo kuliko ya jana.

Na sisi je?

Sisi tulikuwa na milango iliyofungwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya CTN na ITV vilipoanza. Mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza na Mobitel.

Kwa hiyo nyumba nyingi za Moshi zilikutana na pawa saplai ya kukatakata miaka ya 1990, ikiwa imejificha ndani ya televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja ndani ya kompyuta za vibanda vya intaneti. Halafu ikaja kwa wingi kupitia chaja za simu. Mtakumbuka chaja za kwanza zilikuwa nzito, zinalegea kwenye soketi kwa uzito wake. Ghafla zikawa nyepesi kama kiberiti. Wengi tulidhani wametuibia kitu ndani. Kumbe ndoo imegeuka kikombe.

Sasa turudi mezani kwa fundi.

Safari ya umeme ndani ya kisanduku

Kabla ya kugusa chochote alichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili akazigusisha kwenye miguu ya kapasita kubwa ya adapta yangu. "Hii inaweza kukaa na umeme hata ukiwa umechomoa," alisema. "Imewaangusha vijana wengi." Naomba msomaji uliweke hilo moyoni, hasa kama una tabia ya kufungua vitu.

Kisha akaanza kunionyesha kwa ncha ya bisibisi, kutoka kushoto kwenda kulia.

Umeme wa ukutani unaingia na kupita kwenye dayodi 4 zilizofungwa pamoja. Hizo zinaugeuza uwe wa upande mmoja. Kapasita kubwa inaupokea na kuutunza. Hapo usidhani ni volti 230. Kilele cha umeme wa volti 230 ni kama volti 325, na kapasita inajaa hadi kwenye kilele. Ndugu zetu Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayojaa usiku ili mchana maji yafunguliwe kwa nguvu. Kapasita hii ni ndiva.

Baada ya ndiva kuna lango: transista moja, yenye ukubwa wa ukucha, imefungwa kwenye kipande cha alumini kinachoipunguzia joto. Inafunguka na kufunga makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nyingi za laptopu zikiwa kwenye mara 65,000 hivi. Haikai nusu kamwe. Ama imefunguka yote, ama imefunga yote, na ndiyo maana haipotezi nguvu nyingi. Adapta nzuri inapitisha asilimia 85 hadi 90 ya inachopokea.

Kila lango likifunguka, gao dogo la umeme linaingia kwenye transfoma ndogo yenye kiini cha feraiti. Likifunga, gao hilo linatokea upande wa pili, linapita kwenye dayodi, linatulizwa na kapasita nyingine, na huo ndio umeme wa volti 19 unaokwenda kwenye laptopu.

Lakini lango linajuaje lifunguke kwa muda gani? Hapa ndipo nilipopenda. Upande wa kutokea kuna kichipu kinachopima volti muda wote. Zikizidi hata kidogo, kinawasha kitaa kidogo kilichofungiwa ndani ya kipande cheusi cha plastiki chenye miguu 4. Ndani ya kipande hichohicho, upande wa pili, kuna jicho linaloona mwanga ule na kuliambia lango: punguza. Volti zikishuka, kitaa kinafifia, lango linafunguka muda mrefu zaidi. Ujumbe unavuka kwa mwanga kwa sababu hakuna waya unaoruhusiwa kuvuka. Upande wa kushoto ni umeme wa kuua mtu. Upande wa kulia ni ule unaoshika kwa mkono. Katikati fundi alinionyesha ukanda mtupu wa bodi, bila njia hata moja ya shaba, mpana kama upana wa penseli.

Hii ndiyo sababu pia laptopu yako inafanya kazi hata umeme ukiwa mdogo. Taa zikififia jioni ya Desemba, lango linafunguka muda mrefu kidogo tu, na volti 19 zinabaki 19. Ila kuna gharama. Laptopu inayotaka wati 60 itadai wati 60 hata kama volti zimeshuka nusu, kwa hiyo adapta inavuta mkondo mara mbili. Ndiyo maana inachemka zaidi saa 1 jioni kuliko saa 6 mchana.

Vipande visivyofanya kazi

Kisha fundi akanionyesha vipande ambavyo siku ya kawaida unaweza kudhani vimewekwa bure.

Kuna rezista ndogo sana chini ya lango. Mkondo wote wa lango unapita hapo. Ukizidi kiwango, chipu inafunga lango papo hapo, kabla hata mzunguko mmoja haujaisha. Waya wa laptopu ukishika shoti, chipu inazima, inasubiri kidogo, inajaribu tena, inazima tena. Kama umewahi kuona kitaa cha adapta kinakonyeza kila sekunde, hiyo ndiyo maana yake. Si lazima iwe imeharibika. Inabisha hodi kuuliza kama hatari imeondoka. Chomoa kwenye laptopu uangalie kama kitaa kitatulia.

Kuna ulinzi wa volti zikizidi upande wa kutokea, endapo kile kitaa cha mwanga kitakufa na lango likabaki bila habari. Kuna ulinzi wa joto. Chipu nayo hukataa kabisa kuanza kazi kama volti zake yenyewe hazijatosha, maana lango lililofunguka nusu huungua.

Na mlangoni kabisa kuna vitatu. Thermista, ambayo ikiwa baridi inazuia mkondo, ili ndiva tupu isiruke kujaa kwa kishindo umeme unaporudi. Varista, kidonge cha buluu chenye miguu 2, ambacho kwenye volti za kawaida kinakaa kimya, lakini volti zikipanda sana kinageuka njia na kuumeza umeme. Na fyuzi.

"Sasa nikuambie kilichotokea kwenu," fundi akasema. Alikuwa hajafika Kibosho, lakini alisoma usiku wetu kwenye bodi ile kama mtu anavyosoma nyayo.

Nyaya za mtaani huwa 4: 3 za moto na 1 ya nyutro. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230. Kati ya moto na moto kuna 400. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye waya tofauti zinajikuta zimefungwa mfululizo kati ya moto na moto, na zinagawana zile 400 bila haki yoyote. Nyumba yenye matumizi makubwa inapata umeme mdogo. Nyumba yenye matumizi madogo, kama ya bibi na babu yenye balbu 4 na televisheni, inapata karibu zote.

Volti 400 zikipita kwenye dayodi zinataka kuijaza kapasita hadi kama 565. Kapasita ya adapta yangu imeandikwa 400 ubavuni. Lakini kabla haijafikishwa huko, kile kidonge cha buluu kiligeuka njia. Kikameza, kikachemka, kikapasuka, na kwa kupasuka kikawa shoti. Fyuzi ikakatika. Ile ndiyo pu! ya kwanza. Lango, transfoma, kapasita na laptopu vyote havikuguswa.

Halafu akanigeuzia chaja ya binamu. Ilinunuliwa barabarani, rahisi, yenye jina la kampuni maarufu ambayo bila shaka haikuitengeneza. Mahali pa varista palikuwa na matundu mawili matupu. Mahali pa fyuzi pamechomelewa kipande cha waya. Kapasita imepasuka kama bisi, hiyo ndiyo pu! ya pili. Ule ukanda mtupu kati ya pande mbili ulikuwa mwembamba kuliko ncha ya kalamu, na ulikuwa umeungua weusi kutoka upande hadi upande. Umeme ulivuka ukaingia kwenye simu. Simu ilikufa. Binamu yangu yuko hai kwa sababu alikuwa ameiweka mezani na kwenda kuchukua mbege.

Siku za kawaida chaja zile mbili hazina tofauti. Zote zinachaji. Vilivyoondolewa ni vile tu visivyochaji, na mtu anayetaka kupunguza gharama atavianzia hivyo, maana mnunuzi hatagundua hadi usiku wa upepo. Ilishatokea hata kwa wakubwa: kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kompyuta nyingi duniani zilikufa mapema kwa sababu ya kapasita zenye maji mabovu ndani, zikivimba vichwa na kupasuka. Bila shaka mafundi wetu walibadilisha nyingi.

Na ubaya ni kwamba sisi tulio mwisho wa njia, wenye miti juu ya nyaya na umeme unaopanda na kushuka, ndio tunaovihitaji vipande hivyo kuliko mtu wa London. Na ndio tunaoletewa chaja zisizo navyo.

Nilimlipa fundi. Alitaka kuitengeneza adapta, fyuzi na varista tu, ingepona kwa bei ya soda mbili tatu. Nikakataa, nikarudi nayo. Ipo kwenye droo yangu hadi leo. Jambo la pili nililofanya siku hiyo, hata kabla ya kula, ni kunakili sauti za babu mahali pengine patatu.

Babu alifariki mwaka 2021. Mwaka jana tulikaa ukoo mzima tukamsikiliza. Kwenye faili la mwisho namuuliza: mvua kubwa ikinyesha usiku, mto ukajaa, mfongo mlikuwa mnauokoaje? Anacheka kwanza. Kisha anasema juu kule mwanzo wa mfongo kulikuwa na sehemu ya ukingo iliyoachwa dhaifu kwa makusudi. Maji yakizidi, sehemu hiyo ndiyo inabomoka, maji yanarudi mtoni, na asubuhi watu wanapanda kuijenga upya.

"Ni kazi ya nusu siku," anasema. "Ukikuta haijabomoka na mto umejaa, hapo ndipo uogope, mjukuu wangu. Ujue huko chini vihamba vimekwenda."

Basi, ukinunua chaja wiki hii, ipime kwa mkono na uulize bei kwa wauzaji wawili watatu. Ikiwa nyepesi kupita kiasi na rahisi kupita kiasi, jiulize ni ukingo gani umeondolewa.

Tuonane siku nyingine, Mungu akipenda.